Mkono Mwembamba wa Anyango

Juzi nilipita kwa jirani nikamkuta kijana wa rika lenu, ovaroli mpya, gumbuti zinang'aa, amemaliza kumsaidia ng'ombe kuzaa. Kazi aliifanya vizuri, siwezi kumnyima sifa. Kisha akachukua kondo la nyuma, akalitia kwenye karai, akamwita mtoto wa boma, mtoto wa darasa la pili hivi, akamtuma akalitupe nyuma ya choo. Mtoto akatoka mbio kwa furaha ya kutumwa na daktari. Nilimkemea yule kijana mpaka mwenye boma akatoka nje kuuliza nani amekufa. Baadaye niliona haya kidogo, kwa sababu kijana hakujua kilichonipandisha hasira, na mimi sikumweleza. Basi namweleza sasa, pamoja nanyi wengine mnaoingia katika kazi hii.

Mimi nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Nilianzia upande wa Migori, karibu na mpaka, halafu nikahamishiwa Ndhiwa, na miaka yote ya tisini ikanikuta huko. Watu walituita daktari hivyo hivyo, hata kama cheti chetu kilisema vingine. Tarafa nzima ilikuwa na pikipiki moja, nayo ilikuwa mgonjwa kuliko ng'ombe wote. Sindano zetu zilikuwa za chuma, si hizi zenu za kutumia na kutupa, na tulizichemsha kwenye sufuria yoyote iliyopatikana. Mke wangu alikuwa akisikia mlio wa pikipiki anaficha sufuria yake ya ugali chini ya kitanda.

Majosho nayo yalianza kukauka moja baada ya jingine. Serikali ilisema wenye ng'ombe wajisimamie, kamati zikaundwa, kamati zikagombana, na kupe wakanenepa. Mnaposikia wazee wanasifu zamani, waulizeni zamani ipi.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Chacha, Mkuria wa huko Migori, mtu mfupi mwenye kifua kipana na sauti ya chini. Alikuwa amenitangulia kazini kwa miaka mingi, na Ndhiwa tulihamishiwa pamoja. Siku zangu za mwanzo nilimfunga fahali kamba, na ili isiniponyoke nikaizungusha mkononi mwangu. Msifanye hivyo kamwe. Fahali alinikokota akapita na mimi kwenye ua wa miiba, akanipeleka mpaka uwanja wa Wasabato waliokuwa katikati ya ibada yao ya Jumamosi. Chacha alifika akihema, akavua kofia, akawaambia wale waumini kwamba huyu kijana ameomba kubatizwa. Walicheka, na mimi nilicheka baadaye, miiba ilipokwisha kutolewa.

Huyo ndiye Chacha. Alijua kusimama mahali ambapo ng'ombe anamwona, akamwacha anuse mkono kwanza, ndipo aanze kazi. Alijua ng'ombe wa kwanza kuugua kwa namna kundi linavyomwacha nyuma. Lakini alikuwa na homa yake. Ilikuja jua likielekea kuzama, shati likalowa, magoti yakamuuma, kesho yake akawa mzima, wiki nyingine ikarudi. Wakongwe wengi wa kazi yetu walikuwa nayo. Waliiita homa ya kazi na waliizungumza kwa majivuno, kama askari anayeonyesha kovu. Kwa Chacha iliisha alipokunywa dawa za hospitali ya misheni kwa muda mrefu, na hapo ndipo alipoambiwa jina lake: brusela, ugonjwa unaomfanya ng'ombe atupe mimba, na mtu anaupata kwa kushika damu na maji ya uzazi au kunywa maziwa mabichi.

Sasa niwaambie habari za Anyango.

Baba yake aliitwa Ogola, mfugaji wa kuheshimika karibu na Ndhiwa, mpole, asiye na maneno mengi. Watoto wake wawili wa kiume walikuwa wamekwenda Mfangano kuvua samaki, kwa hiyo ng'ombe waliangukia mikononi mwa binti. Anyango aliwatoa zizini kabla ya shule, akawapokea baada ya shule, na siku za mapumziko alikuwa nao kutwa nzima. Alikuwa katika madarasa ya juu ya shule ya msingi na alikuwa na akili nzuri. Alitaka kwenda shule ya bweni ya wasichana kule Asumbi, na shangazi yake alikuwa amekwisha kumnunulia sanduku la chuma na kuandikisha jina lake kwa rangi nyeupe. Kila mgeni alionyeshwa lile sanduku. Mimi nilionyeshwa zaidi ya mara moja.

Jambo la pili alilojulikana nalo ni mkono. Alikuwa na mkono mrefu, mwembamba, na vidole laini. Ilianza na mbuzi aliyeshindwa kuzaa, watu wazima wamejaribu wakashindwa, yeye akaingiza mkono akatoa mapacha walio hai. Habari zikaenda. Kuanzia hapo, ng'ombe au mbuzi akikwama jirani, mtu hutumwa kumwita Anyango, hata darasani. Mwalimu alikuwa akimwachilia, kwa sababu mwalimu pia alikuwa na ng'ombe.

Na msifikiri ni Anyango peke yake. Katika maboma mengi niliyopita, kazi ya ndani ya tumbo la mnyama ilikuwa ya mtoto. Hapakuwa na ukatili wowote. Mkono wa mwanamume mzima unamchana mtamba, ng'ombe ambaye hajawahi kuzaa, wa mtoto unapita, na mtoto mwenyewe anafurahi kupita wote waliomzidi umri. Tena yeye aliyemtoa ndama ndiye aliyepewa kikombe cha kwanza cha dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, yakiwa na joto lake. Hayakuchemshwa, maana dang'a ukiichemsha inaganda yote, na nani atampa mtoto zawadi iliyoganda.

Chacha alipomwona Anyango akifanya kazi alifurahi kama mtu aliyempata mwanawe aliyepotea. Akaanza kumfundisha. Kata kucha. Paka sabuni mpaka kwapani. Ukiupata mguu, ufuate mpaka juu ujue kama ni wa mbele au wa nyuma. Ndama akiwa amekaa vibaya msukume kwanza arudi ndani, umnyooshe, ndipo uvute, na uvute ng'ombe anaposukuma, kuelekea chini, si moja kwa moja. Mafundisho hayo ni sahihi hata leo, na mimi niliyapata hapo hapo nikiwa nimesimama pembeni.

Tulikuwa na glavu, zile ndefu zinazofika begani. Zote zilikuwa za saizi moja, ya mwanamume mzima. Tulimvalisha Anyango, ikawa mfuko mtupu unaoning'inia. Tukaifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye kiwiko, lakini kule mbele vidole vilibaki vinacheza. Akaivua, akasema hasikii kitu. Chacha akacheka akaniambia, "Mura," yaani kijana kwa Kikuria chake, "wacha tu. Hii mtoto iko na macho kwa vidole."

Ogola alikuwa na ng'ombe mweusi aliyempenda sana, akimwita Rateng'. Huyo ndiye aliyetupa mimba ikiwa kubwa, karibu na kuzaa, na kondo likakwama. Tuliitwa, tukaenda wote wawili. Ndani ya ng'ombe kondo linashikamana na ukuta mahali pengi, kama vifungo vya shati, na kila kimoja kinabanduliwa peke yake kwa ncha za vidole. Anyango alivibandua, Chacha akimwelekeza kutoka nyuma. Leo tunajua ni heri kumwacha ng'ombe alitoe mwenyewe na kumtibu, lakini wakati ule kulibandua ndiyo ilikuwa kazi safi. Alipomaliza alikuwa na damu mpaka shingoni. Alinawa kwenye karai, akavaa sweta ya shule, akaenda kufanya hesabu zake. Mbwa wakala kondo.

Mtasema, kwani hamkujua? Tulijua. Ilikuwa katika masomo yetu, na Chacha alikuwa nayo katika magoti yake. Tuliisema hata kwenye baraza la chifu: choma au zika mimba iliyotupwa, chemsha maziwa, usishike kwa mikono mitupu. Wazee waliitikia kwa vichwa na kutupigia makofi. Ila tuliwaambia wenye ng'ombe, na walioshika ng'ombe hawakuwa pale. Wazee walipata nafasi ya kukaa barazani kwa sababu watoto walikuwa malishoni. Hakuna kati yetu aliyeliona hilo, si chifu, si wakubwa wetu wa wilaya.

Anyango alianza kuugua mvua ziliporudi. Kwetu mtu akipata homa ni malaria, na mara nyingi ni malaria kweli, kwa hiyo alipewa klorokwini na wiki ikapita vizuri. Ikarudi, akapewa tena. Mama yake, ambaye wote tulimwita Min Anyango, alisema anaamka amelowa kama aliyenyeshewa. Shuleni alianza kusinzia. Kisha mgongo, kisha nyonga ya kushoto. Bibi yake alisema mtu amemwonea wivu mtoto kwa sababu ya lile sanduku. Baba yake alisema anakua. Na ng'ombe wa majirani waliendelea kukwama, na Anyango aliendelea kuitwa, na alikwenda akichechemea.

Siku ya soko la Ndhiwa, Chacha na mimi tulikuwa tukikagua mbuzi penye mnada. Min Anyango akapita na binti yake. Anyango alikuwa ameweka kiganja juu ya paja, anausukuma mguu kila anapopiga hatua. Chacha alimtazama kwa muda. Akamwita, akamuuliza kama homa inamjia jioni. Akamuuliza kama viungo vinahama, leo goti, kesho bega. Akamuuliza kama jasho lake lina harufu ya majani mabichi yaliyolowa. Anyango akaitikia yote, akashangaa daktari wa ng'ombe amejuaje.

Chacha alikaa juu ya gunia la mtu bila kuomba ruhusa.

"Mura," akaniambia, "hii si malaria. Hii homa ni yangu. Mimi ndio nilipatia hii mtoto."

Nilimwambia hapana, si yeye, ni ng'ombe.

Tuliacha mbuzi pale pale tukaenda na mama na binti hospitali ya wilaya. Daktari wa huko, mwanamke kijana, alitusikiliza bila kutudharau, akamtoa Anyango damu, na majibu yakawa kama Chacha alivyosema. Akaandikiwa vidonge na sindano za wiki nyingi. Alimaliza zote, sina la kumlaumu mgonjwa wala mama yake. Homa iliondoka. Nyonga haikupona. Ugonjwa ulikuwa umekaa ndani ya kiungo miezi mingi na umekila, na daktari alituambia kwa upole kwamba dawa inaua ugonjwa lakini haijengi mfupa.

Mwaka ule hakufanya mtihani. Uliofuata alirudi shuleni wiki chache, lakini njia ilikuwa ndefu na yenye mlima, na mguu ulikuwa ukimgomea katikati. Asumbi ikaisha hivyo, bila mtu kutangaza kwamba imeisha. Ningependa kuwaambia mengine, lakini ndivyo ilivyokuwa, na inaniuma mpaka leo.

Chacha alikwenda kwa Ogola kuomba msamaha. Nilimpeleka mimi kwa pikipiki. Alisema maneno yake akiwa amesimama, kofia mkononi, na Ogola hakuelewa anaombwa nini. Alimjibu, "Daktari, wewe umesaidia ng'ombe yangu miaka yote. Mimi niko na ubaya gani na wewe?" Akamwita mkewe alete chai. Tulikunywa, hakuna namna ya kukataa. Kabla ya mwaka kwisha Chacha aliomba kustaafu mapema akarudi kwao Migori. Nilimtembelea mara kadhaa. Aliongea habari za mvua.

Nisimame hapa kidogo niwaambie jambo la kazi, kwa sababu najua mnapenda mambo ya kazi. Mkiingia boma lolote, msalimieni mwenye nyumba kama heshima inavyotaka, kubalini kiti. Halafu ombeni kuzungumza na anayekamua, anayelala na ndama, anayefagia zizi, anayechuna mnyama aliyekufa. Mtaletewa watoto. Zungumzeni nao kwa lugha yao, chini, usawa wa macho yao, na wapeni sababu, maana mtoto aliyekatazwa bila sababu atafanya mkigeuka. Sabuni ya kipande na shimo refu lenye majivu vinasaidia kuliko hotuba. Na glavu za saizi ndogo zipo siku hizi, lakini msizichukue kama ruhusa. Mkono wa mtoto usiingie.

Mtauliza Rateng' alifanywa nini. Nilimsihi Ogola amwondoe. Lakini Rateng' alishika mimba tena, akazaa vizuri, ndama jike mwenye afya, na kwa macho ya mfugaji huyo ni ng'ombe aliyepona. Ugonjwa huu una hila hiyo. Ng'ombe hutupa mara moja, halafu anazaa kama wengine huku akiendelea kuutoa kwenye maziwa na maji ya uzazi. Nilieleza, Ogola akaitikia kwa kichwa, Rateng' akabaki.

Yule ndama jike alikua akawa mtamba, akashika mimba. Alasiri moja ya kiangazi niliitwa: mtamba anazaa, ndama amekwama. Chacha alikuwa ameshaondoka. Nilifika nikamkuta Ogola amemfunga mtamba vizuri, maji ya moto yako tayari, kila kitu safi. Kando yake, juu ya kigoda ili afikie, alikuwa amesimama Atieno, mdogo wake Anyango. Alikuwa bado hajang'oka meno ya mbele yote. Amepakwa sabuni mpaka kwapani, ameinua mikono juu isiguse vumbi, vile vile dada yake alivyofundishwa. Anatabasamu.

"Daktari," Ogola akasema, "mkono iko tayari."

Nilimwambia huyu mtoto hataingiza mkono. Nilimkumbusha ya Anyango. Ogola alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu yake ile ile, kisha akasema Atieno hajawahi kuugua hata mafua, na mtamba ataumia kwa mkono mkubwa. Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alimpeleka Anyango hospitali, alimbeba mgongoni siku mguu ulipokataa. Ila kwake ule ulikuwa ugonjwa wa Anyango, na huyu alikuwa ng'ombe mwingine.

Nilimshusha Atieno kwenye kigoda. Nikavua shati, nikavaa glavu, nikaingia mwenyewe.

Ndama alikuwa amegeuza kichwa nyuma, kimelala ubavuni. Ilitakiwa kupitisha kamba nyuma ya taya na kukirudisha mbele, kazi ya vidole vyembamba kabisa. Mkono wangu ulifika shingoni ukakwama. Nilibadilisha mkono. Nililala chini kwenye matope. Nilijaribu kumsukuma ndama arudi, mtamba akasukuma zaidi yangu. Baada ya muda nilihisi ndama ameacha kuvuta mguu nikimfinya, nikajua amekufa. Nikaanza kumkata vipande ili angalau nimwokoe mama yake, lakini mtamba alikuwa amechanika na ameishiwa nguvu. Alilala, akanyoosha shingo. Jua lilikuwa bado juu ya vilima alipokata roho.

Ogola alifungua kamba polepole akaikunja. Hakunifokea. Laiti angenifokea.

"Mkono ilikuwa hapa, daktari," alisema. "Ilikuwa hapa tu."

Ng'ombe amekufa mbele ya macho yake, na ugonjwa niliouzuia hauna sura, hakuna mtu angeweza kumwonyesha. Hakuniita tena baada ya siku ile. Na nilisikia sokoni kwamba Atieno aliitwa kwa majirani msimu uliofuata, mara moja au zaidi, mimi nikiwa sipo.

Lakini siku ile, nilipokuwa nikinawa, Atieno alinijia. Sabuni ilikuwa imemkaukia mikononi, imekuwa ngozi nyeupe inayobanduka. Machozi yalikuwa yanamtoka, na mwanzoni nilidhani ni ya ng'ombe. Akaniuliza kwa Dholuo, mbele ya baba yake, "Daktari, kwani mkono wangu ni mbaya?"

Nilitafuta neno la kumwambia mtoto. Nilikuwa na maneno ya baraza, nilikuwa na maneno ya chuo.

Anyango alikuwa amekaa mlangoni pa jikoni, mguu wa kushoto ameunyoosha kwenye mkeka, anapukuchua mahindi. Akamwita mdogo wake. Akalowesha ncha ya leso yake kwenye maji, akaanza kumfuta ile sabuni, kidole kimoja kimoja, bila kumtazama mtu yeyote kati yetu.

"Ni mzuri," akamwambia. "Hata wangu ulikuwa mzuri."